Usiipakie Pikipiki Kabla Hujajua Itatembea Wapi

Askari wa Marekani akipata amri ya kuhamia kituo cha ng'ambo, na nyumbani ana pikipiki, swali lake la kwanza huwa kama serikali itamlipia kuisafirisha. Mara nyingi jibu ni ndiyo, na hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Wakisikia ndiyo, wanaona shauri limekwisha: pikipiki inaingizwa kwenye sanduku la mbao, inapanda meli, na wao wanangoja. Mwongozo huu una msimamo tofauti. Kusafirisha ndiyo sehemu nyepesi ya shughuli nzima. Sehemu nzito ni haki ya kuiendesha ikishafika, maana yake usajili, bima, leseni, ukaguzi, na barabara zenyewe. Panga basi safari yako kinyumenyume. Anzia kwenye barabara utakayoendesha, rudi hadi bandarini, umalizie kwenye gereji yako ya Texas au North Carolina. Yanayofuata yanamhusu askari yeyote wa jeshi hilo, lakini yanamlenga hasa msomaji wa Kiswahili aliyevaa sare yake, na wasomaji hao wapo. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha za mpango wa MAVNI, uliowaingiza jeshini wageni wenye lugha adimu hadi uliposimama mwaka 2016, na wengine wengi wamejiunga kwa kadi ya kijani tu.

Kanuni za jeshi zinakupa njia mbili za kuisafirisha. Ya kwanza ni kuihesabu kama mzigo wa nyumbani, ipakiwe pamoja na vitanda na sufuria. Ya pili ni kuihesabu kama gari lako binafsi. Njia hii ya pili ina sharti moja linalowakata wengi: kwa amri moja ya uhamisho serikali husafirisha chombo kimoja tu. Ukipeleka gari, pikipiki haiwezi tena kwenda kwa njia hiyo. Mwenye mke na watoto hana la kuchagua hapo, kwa sababu gari lazima liende, na pikipiki inabaki kuwa mzigo wa nyumbani. Kapera asiye na gari, au anayeweza kuliuza, anaweza kuipa pikipiki nafasi ya gari, na mara nyingi hilo ni bora kwake. Chombo kinakabidhiwa kituo cha kupokelea magari, kinaandikiwa karatasi zake peke yake, na hakingoji makochi.

Mtu atasema: ikiwa serikali inalipa, hasara iko wapi? Hasara iko kwenye mizani. Kila cheo kina kikomo chake cha uzito wa mizigo ya nyumbani. Askari wa daraja la E-5 asiye na familia anaruhusiwa pauni 7,000, mwenye familia pauni 9,000. Kwa kituo cha kawaida, pikipiki haisumbui hesabu hiyo. Lakini vipo vituo vya ng'ambo ambako nyumba za kambi zina samani tayari, na huko kikomo hupunguzwa sana, pengine hadi robo. Robo ya 7,000 ni 1,750. Harley kubwa ya safari ndefu ina uzito wa karibu pauni 850, yaani kilo 385 hivi. Nusu ya ulichoruhusiwa imeliwa na chombo kimoja kabla hujapakia godoro wala kitabu, na ukizidisha, gharama ya ziada inakatwa kwako. Pikipiki ndogo ya michezo ya kilo 190 haina tatizo hilo, lakini ina mengine, tutayafikia. Kwa hiyo kabla hujamwambia ofisa wa usafirishaji kwamba unayo pikipiki, muulize kikomo cha kituo unakokwenda, si kikomo cha cheo chako. Ni namba mbili tofauti, na wengi hukariri ya pili tu.

Kuna na kalenda. Wingi wa uhamisho wa jeshi la Marekani huangukia kati ya Mei na Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Mizigo ya nyumbani inayovuka bahari huchukua miezi miwili au zaidi kufika mlangoni. Pikipiki iliyochukuliwa Julai itafunguliwa Ujerumani Septemba au Oktoba, wakati wenzako wanaziingiza zao ndani. Huko msimu wa pikipiki kwa watu wengi ni Aprili hadi Oktoba, kiasi kwamba sheria ya nchi inaruhusu namba za usajili za msimu, zenye miezi iliyochapwa kwenye kibao chenyewe. Kwa kituo cha miaka mitatu, kupoteza msimu mmoja si kitu. Kwa kituo cha mwaka mmoja umeisafirisha ili ikae, kisha uisafirishe tena.

Tukija kwenye barabara zenyewe, Korea Kusini ndiyo mfano mkali kuliko yote. Huko pikipiki haziruhusiwi kwenye barabara kuu za mwendo kasi, marufuku iliyoanza miaka ya 1970, wala kwenye barabara nyingine zilizotengwa kwa ajili ya magari pekee. Haijalishi injini yako ina ukubwa gani. Pikipiki iliyoundwa kwa kula kilomita 500 kwa siku inasukumwa kwenye barabara za zamani, taa baada ya taa, ikishindana na vijana wanaopeleka chakula majumbani, wanaozijua barabara hizo vizuri kuliko wewe. Hakuna fomu wala kamanda atakayekuondolea marufuku hiyo, kwa sababu ni sheria ya nchi mwenyeji. Anayeipeleka Harley Korea kwa sababu tu serikali inalipa amejibiwa swali ambalo halikuwa na maana kwake.

Japani ina busara yake. Pikipiki yenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 250 lazima ipite ukaguzi wa serikali unaoitwa shaken, ambao hurudiwa kila baada ya miaka miwili na unaambatana na kodi ya uzito na bima ya lazima. Isiyozidi 250 imesamehewa ukaguzi huo. Zaidi ya hapo, leseni ya kawaida ya pikipiki ya Kijapani huishia sentimita za ujazo 400, na viwanda vya nchi hiyo vimetengeneza kwa miaka mingi pikipiki nzuri za ukubwa huo hasa. Soko la zilizotumika ni pana, vipuri viko mtaani, na fundi wa kona anaijua kila boliti. Ndani ya kambi kwenyewe, anayeondoka humuuzia anayefika. Katika mazingira hayo, kuvusha Bahari ya Pasifiki na Honda au Yamaha ya soko la Marekani ili uipeleke kwenye ukaguzi wa Kijapani ni kurudisha samaki baharini kwa ndege. Hapo ushauri wangu hauna kigugumizi: uza Marekani, nunua huko.

Ujerumani ndiyo yenye mjadala wa kweli, maana huko kupeleka kunaweza kuwa na akili. Chini ya makubaliano ya NATO kuhusu majeshi yaliyo nchini humo, chombo cha askari wa Marekani husajiliwa na jeshi lake lenyewe, si na ofisi ya Kijerumani. Unapata leseni ya jeshi baada ya kufanya mtihani wa maandishi wa sheria na alama za barabara za huko, chombo kinakaguliwa kambini, na kinapewa namba. Yote hayo yanawezekana kwa pikipiki ya kawaida ya Marekani. Ila mambo matatu hukwamisha watu. La kwanza ni leseni. Kama leseni yako ya jimbo haina daraja la pikipiki, kuipata ukiwa tayari ng'ambo ni safari ndefu ya foleni na ratiba za watu wengine. Malizana nayo Marekani. Mafunzo ya pikipiki ambayo jeshi linayataka hutolewa bure kwa askari, na cheti chake utaombwa tena na tena, kwa hiyo kiweke kwenye begi la mkononi pamoja na pasipoti, kisiende kwenye kontena.

La pili ni bima. Sera yako ya Marekani kwa kawaida inaishia mipaka ya Marekani na Kanada, na hata kama kampuni ingetaka kuinyoosha, viwango havilingani. Majimbo mengi ya Marekani yanaridhika na kinga ya dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumizwa. Sheria ya Ujerumani inataka kinga isiyopungua yuro milioni 7.5 kwa madhara ya mwili. Hilo peke yake linaonyesha nchi ile inavyolitazama jukumu la mwenye chombo. Bila uthibitisho wa bima inayokubalika huko, dirisha la usajili halikufungukii. Tafuta bei kabla hujapakia, hasa kama una umri wa miaka ishirini na kidogo na pikipiki yako ni ya michezo, maana bima ya kulinda chombo chako mwenyewe inaweza kukufanya ubadili shauri zima. Kampuni kadhaa zinazohudumia wanajeshi hutoa makadirio kwa barua pepe. Hazihitaji uwe umefika.

La tatu ni kelele. Waendesha pikipiki wengi wa Marekani hubadilisha ekzosi wiki ya kwanza. Huko uendako, ekzosi isiyo na kibali ni sababu ya kukataliwa kwenye ukaguzi na kusimamishwa na polisi barabarani. Chukua mfano wa Tirol, jimbo la Austria linalopakana na kusini mwa Ujerumani, penye njia za milimani ambazo kila askari wa Bavaria hutamani. Tangu Juni 2020, wilaya ya Reutte imefunga baadhi ya njia hizo katika msimu wa kiangazi kwa pikipiki zenye kelele inayozidi desibeli 95 zikiwa zimesimama, na faini iliyotangazwa ni yuro 220. Jambo la kuangalia kwa karibu ni hili. Pikipiki ya Marekani ina maandishi ya kiwanda kwenye fremu au ekzosi yanayosema imefikia kiwango cha desibeli 80. Namba hiyo ilipimwa pikipiki ikipita mbele ya kipimo kilichowekwa mbali nayo. Namba anayoitafuta polisi wa Tirol hupimwa karibu na mdomo wa ekzosi, pikipiki ikiwa imesimama, na kwa pikipiki za Ulaya huandikwa kwenye karatasi za usajili. Usimwonyeshe ile 80 ukadhani umeshinda kesi. Rudisha ekzosi ya kiwandani kabla ya kusafirisha. Kama uliiuza, hesabu bei ya kununua nyingine kuwa sehemu ya gharama ya safari.

Pingamizi zito kuliko yote si la fedha. Ni la yule anayesema: pikipiki yangu nimeizoea, najua breki zake zinavyoshika na klachi inavyoachia, kwa nini nipande chombo kigeni katika nchi ngeni? Hoja hii ina uzito, na sitaipuuza. Lakini kuizoea pikipiki peke yake hakumkingi askari na mauti. Mwaka 2008 viongozi wa jeshi la wanamaji wa nchi kavu wa Marekani, maarufu kama Marine, waligutushwa na hesabu yao wenyewe: katika muda wa takribani mwaka mmoja, askari wao 25 walikuwa wamekufa kwa ajali za pikipiki, wakati waliouawa vitani Iraki katika muda huohuo walikuwa 20. Karibu wote walikuwa kwenye pikipiki za michezo. Hao walikufa mbali na uwanja wa vita. Mwendo, nguvu ya injini kupita ujuzi, na ujana ni hatari ambazo kuzoea chombo hakuziondoi. Ndiyo maana jeshi linadai mafunzo, na linamtaka askari avae helmeti, kinga ya macho, glavu, nguo ya mikono mirefu, suruali ndefu na buti zinazofunika kifundo cha mguu, awe kazini au likizoni, ndani ya kambi au nje. Ukiumia bila vitu hivyo, jambo hilo linaweza kuzingatiwa katika uchunguzi wa kama uliumia ukiwa ndani ya wajibu wako, na haki zako nyingi za matibabu na fidia zinaning'inia kwenye uchunguzi huo. Kuizoea pikipiki yako ni faida, lakini haitoshi. Barabara ngeni nayo lazima uijue.

Na barabara ni ngeni kweli. Barabara za mwendo kasi za Ujerumani zina sehemu ndefu zisizo na kikomo cha lazima, kuna mwendo wa kilomita 130 kwa saa unaoshauriwa tu, na kumpita mtu kwa upande wa kulia ni kosa. Gari unaloliona kama nukta kwenye kioo cha pembeni linaweza kuwa mgongoni mwako kabla hujamaliza kuwasha indiketa. Kwenye mitaa ya makazi isiyo na alama, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama barabara yake ni kichochoro. Mmarekani aliyezoea alama ya kusimama kila kona anaweza kukosea hapo kwa urahisi.

Kwa msomaji aliyejifunza kuendesha Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, kuna suala la upande. Ulianza kushoto, ukahamia kulia ulipofika Marekani, na sasa amri inakupeleka Japani au Uingereza, kushoto tena. Usidhani mwili utakumbuka wenyewe. Okinawa, penye sehemu kubwa ya kambi za Marekani nchini Japani, iliendesha kulia chini ya utawala wa Marekani na kuendelea hivyo hata baada ya kurudishwa kwa Japani mwaka 1972. Ilihamia kushoto kwa siku moja tu, tarehe 30 Julai 1978, kisiwa kizima kwa pamoja, na serikali ilipanga vibao na taa miezi kabla. Wewe utahama peke yako, asubuhi, ukiwa na usingizi wa safari. Hatari kubwa si katikati ya msongamano, ambako magari mengine yanakuelekeza. Ni pale unapotoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu. Na kama pikipiki ni ya Marekani, angalia taa ya mbele: ikiwa mwanga wake umeelemea kulia, kwenye nchi ya kushoto utawapofusha wanaokuja, na ukaguzi wa Uingereza hauipitishi. Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda, waliozoea kulia tangu mwanzo, wana kazi kubwa zaidi huko, na Ujerumani wana kazi ndogo kuliko wenzao.

Sasa upande wa pili wa mizani, maana nimeisifu sana biashara ya kununua huko. Pikipiki utakayonunua Ulaya au Japani imetengenezwa kwa viwango vya huko. Ili iingie Marekani moja kwa moja lazima iwe na lebo za mtengenezaji zinazothibitisha viwango vya Marekani vya usalama na vya hewa chafu. Isiyo nazo inazuiwa, isipokuwa iwe kuukuu: miaka 25 kwa upande wa usalama, 21 kwa upande wa hewa chafu ikiwa injini yake haijabadilishwa. Kwa hiyo ukipenda ulichonunua, jiandae kuachana nacho. Ile uliyoipeleka kutoka nyumbani inarudi bila mjadala huo, lebo zake ziko kwenye fremu. Hii ndiyo hoja bora ya kupeleka, na inamfaa mtu wa aina moja: mwenye pikipiki iliyo kama ilivyotoka kiwandani, aliyemaliza deni, mwenye kituo cha miaka mitatu Ujerumani au Italia, na anayekusudia kuitunza miaka kumi. Anayekosa hata sifa moja kati ya hizo afikirie tena. Kuna pia njia ya kati ambayo wengi hawaijui: ukipelekwa mahali ambako magari binafsi hayaruhusiwi, serikali inaweza kulipia hifadhi ya chombo chako Marekani kwa muda wote wa zamu, na pikipiki inakubalika. Iandikie ombi mapema.

Ukiwa umeamua kuipeleka, kazi ya mikono ni fupi. Kama benki bado inakudai, utahitaji barua yao ya kukubali chombo kitoke nje ya nchi. Barua hiyo hukaa wiki kadhaa kwenye meza ya mtu, kwa hiyo iombe siku unayopata amri. Angalia kama mtengenezaji ameita aina ya pikipiki yako irekebishwe kasoro ya usalama, kwa sababu kituo cha kupokelea magari hakipokei chombo chenye kasoro ambayo haijarekebishwa. Kama inakwenda kwa njia ya gari, mafuta yasizidi robo tangi. Kama inakwenda na mizigo ya nyumbani, tangi likaushwe na betri ifunguliwe. Ioshe hadi chini ya vikinga matope na kwenye cheni, maana udongo ni sababu halali ya kukurudisha.

Siku ya kukabidhi, usimwachie mkaguzi kalamu peke yake. Kuna fomu ya DD 788-2, iliyochorwa mahsusi kwa ajili ya pikipiki, yenye picha ya chombo ambamo kila mkwaruzo huwekewa alama. Akiandika kwa jumla kwamba kuna mikwaruzo, mwombe aonyeshe wapi, kwa sababu neno la jumla litameza hata ule utakaofanywa melini. Piga picha zako mwenyewe, pamoja na namba ya fremu na kipimo cha kilomita. Vua vioo, kioo cha upepo na mabegi ya pembeni, uvipakie peke yake na kuviandika kwenye orodha. Kama ni mzigo wa nyumbani, simama hapo wakati sanduku la mbao linajengwa na uangalie kamba zinapofungwa: zishike kwenye fremu au kwenye msingi wa usukani, si kwenye mabomba ya breki. Zisivutwe hadi shokomzoba za mbele zigonge mwisho, kwa maana zitakaa hivyo wiki nane na sili zitaanza kuvuja.

Ikifika, ikague kabla ya kusaini na kabla ya kuiwasha. Kwa mizigo ya nyumbani una siku 180 tangu kufikishwa kutoa taarifa ya uharibifu, na miezi tisa kuleta dai kamili ukitaka kulipwa thamani ya kitu kipya. Ukichelewa, malipo yanashuka. Pima upepo wa magurudumu, angalia mafuta ya breki, weka betri chaji, kisha uipeleke kwenye ukaguzi ikiwa juu ya trela au kwa kibali cha muda, kwa sababu namba za jimbo lako la Marekani hazikupi bima ya Kijerumani. Ukitaka kuvuka kwenda nchi jirani wikendi na bado unatumia pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda, ulizia viza kwanza: hadhi uliyopewa Ujerumani kama askari haikuvushi kila mpaka, na Uingereza ina masharti yake yenyewe. Na siku ukiamua kuiuza hukohuko, kumbuka iliingia bila ushuru. Askari mwenzako mwenye hadhi kama yako anaweza kuinunua kwa karatasi za kawaida za kambini. Jirani yako Mjerumani hawezi, mpaka ofisi ya forodha ilipwe chake na pikipiki ipite ukaguzi wa kiraia, kwa hiyo bei mliyokubaliana iandikeni mkiwa mmeshajua nani kati yenu analipia hayo.